Dimbwi lililokimbiwa: kisa cha harufu ya mtu katika msitu wa Arabuko-Sokoke

Kibanda kilijengwa Julai, kusi kikivuma, mita 25 kaskazini ya dimbwi la maji ya mvua ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke, upande wa Gede. Boriti nne, fito, makuti, na matundu mawili ya lenzi yakitazama maji. Waliokaa ndani ni wawili: mpiga picha mgeni na mwongozaji wake kutoka Malindi. Kijana mmoja alibeba mizigo, na askari wa wanyamapori aliwasindikiza kwenda na kurudi kwa sababu msitu huu una ndovu. Msimu wote ule kibanda kililipa. Funo, paa wadogo wa msituni, walishuka kunywa alfajiri; mbawala, jamaa zao wakubwa zaidi, walifika kabla ya magharibi.

Januari wakarudi. Watu wale wale, kibanda kile kile, saa zile zile. Wiki nzima hakuja ila nyani na ndege. Mara mbili mbawala alisikika akibweka vichakani upande wa magharibi, asionekane. Maji yalikuwapo, tena madimbwi mengine yalikuwa yameanza kukauka baada ya mvua za vuli, kwa hiyo hili lilipaswa kuvuta wanyama zaidi. Na kweli walikuwa wakija: kila asubuhi tope la ukingo wa magharibi lilikuwa na alama mbichi za kwato na choo cha usiku. Walikosekana pale tu watu walipokuwapo.

Alama hizo zingetosha kuondoa nusu ya dhana. Ukame, ugonjwa, mbwa wa vijijini, wakata miti: chochote kati ya hivyo kingewakimbiza wanyama usiku na mchana. Mnyama anayekunywa usiku na kususa mchana anamkwepa mtu. Kilichobaki ni kujua anamtambuaje, kwa jicho, kwa sikio au kwa pua. Kibanda hakikubadilika sura, na hao wawili walishajua kukaa kimya. Ikabaki pua.

Mwongozaji akaamua ni jasho. Januari pwani ni fukuto, shati linalowa kabla ya mtu kufika. Sabuni ikabadilishwa, marashi yakaachwa, mgeni akatoa chupa ya dawa ya kupuliza ya kuua harufu aliyokuja nayo, wakajipulizia kuanzia kofia hadi viatu. Hali ikabaki ile ile. Jasho kweli lilikuwamo katika kisa hiki, ila lilistahili kushughulikiwa la tatu, wao wakaanza nalo.

Kwa asiyejua sheria: kuwinda kumepigwa marufuku Kenya tangu 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inaadhibu vikali. Ujuzi wa kuficha harufu ni wa wawindaji, na Tanzania, ambako bado kuna uwindaji wa kibali, unatumika vivyo hivyo. Huku kwetu umebaki kwa wapiga picha, watafiti, askari na waongozaji, na kuketi msituni namna hii kunataka ruhusa ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na ya Huduma ya Misitu.

Alasiri: upepo

Baharia yeyote wa Malindi angeliona kosa la kwanza akiwa amesimama tu. Kusi hutoka kusini na kusini-mashariki. Kibanda kilichokaa kaskazini ya maji kilikuwa demani, upepo unatoka kwa mnyama kuja kwa mtu, na harufu ya watu inakwenda zake nyuma ya kibanda. Kaskazi kikiingia, kuanzia Desemba hadi Machi, mambo yanapinduka. Upepo unatoka kaskazini-mashariki. Kibanda kile kile sasa kiko joshini, na kila kinachotoka mwilini mwa watu kinavushwa juu ya dimbwi na kumwagwa kusini-magharibi, ndipo hasa mbawala wanapotokea.

Harufu haiendi kwa mstari. Inatoka nyembamba kwenye matundu ya kibanda, inapanuka kadiri inavyokwenda, na inayumba na upepo. Katika kaskazi cha alasiri chenye nguvu ya kutikisa majani ya mrihi, eneo linalofikiwa ukingo wa pili wa dimbwi linaweza kuwa pana kuliko dimbwi lenyewe. Mbawala aliyebweka hakuwa na haja ya kukaribia. Alisimama kwenye giza la kichaka, akapata alichotaka kujua, akawatangazia wenzake.

Hapa sabuni haisaidii kitu cha kupimika. Mtu aliyeoga vizuri anapunguza harufu, lakini bado anapumua, na pumzi ina asetoni na gesi nyingine za mwili. Ngozi inapukutisha vipande vidogo bila kukoma, na joto la mwili linavipandisha juu na kuvitoa nje kwenye upenyo wowote. Pua ya mnyama wa porini haihitaji kingi. Ndovu wa Afrika ana jeni za kunusa zipatazo 2,000. Binadamu ana kama 400.

Namna ya kupima upepo nayo ilikuwa na kasoro. Mwongozaji alitumia poda ya mtoto, akiifinya chupani na kutazama inakoelekea. Poda hiyo ina manukato, kwa hiyo kila kipimo kilikuwa ni harufu ya nyumbani inayotumwa dimbwini. Majivu baridi yaliyochekechwa, yakawekwa kwenye kifuko cha kitambaa chepesi, ni bora, ila yanaanguka upesi na yanakuonyesha mita mbili tatu tu za mwanzo. Kinachofaa zaidi ni sufi. Unachomoa nyuzi chache kutoka kwenye tunda kavu la msufi, kiasi cha kucha ya kidole gumba, unaziachia usawa wa kifua na kuzifuata kwa macho. Zitakwenda mita 20 au 30 zikielea, na hapo utaona kitu ambacho majivu hayakuonyeshi: upepo unaotoka mbele yako unaweza kugonga ukuta wa miti, ukageuka na kurudi. Pima ukiwa kwenye kibanda, kisha pima tena ukingoni pa maji, kwa kuwa ndani ya miti na penye uwazi si upepo mmoja.

Alfajiri: njia ya miguu

Kama tatizo lingekuwa kaskazi peke yake, asubuhi zingekuwa nzuri. Alfajiri ya Januari kaskazi hupoa na umande, yaani upepo wa nchi kavu, ukatoka bara kwenda baharini, mwepesi, kutoka magharibi au kaskazini-magharibi. Kwa upepo huo harufu ya kibanda ilikwenda mashariki, mbali na njia ya wanyama. Funo walipaswa kufika. Hawakufika, na hapo ndipo kisa kinapopendeza, kwa kuwa dalili ilikuwa moja na sababu mbili.

Kamera ya mtego ilifungwa kwenye mti kimo cha goti, mita nane kutoka mahali njia ya wanyama inapoingia uwanda wa dimbwi. Asubuhi ya pili ikanasa video ya sekunde chache. Saa kumi na mbili na dakika tano, funo anatoka kwenye mirihi, pua chini. Anafika pale njia yake inapokatana na njia ya watu. Anasimama. Hanusi ardhi, ananyoosha shingo na kunusa jani moja la kichaka lililo usawa wa goti la mtu, akilizungushia pua kutoka chini hadi juu. Mguu wa mbele umeinuka na haujatua. Kisha anapiga kwato mara moja, anageuka na kurudi alikotoka, bila kukimbia.

Watu walikuwa wamepita hapo saa kumi na moja na robo. Miguu minane, na suruali nne zikilipangusa jani lile moja baada ya nyingine.

Julai hawakupita hapo. Njia yao ya zamani ilitokea mashariki, ikafungwa na mti ulioanguka wakati wa vuli, nao wakakata njia fupi kutoka barabara ya msituni upande wa magharibi. Hiyo njia fupi ilivuka njia ya kwato mita 60 kabla ya maji. Hakuna aliyeihesabu kuwa badiliko. Ndiyo kawaida ya makosa haya: mtu hukumbuka alichovaa na alichooga, hakumbuki alikokanyaga.

Harufu inayobaki ardhini na majanini ina tabia yake. Vipande vya ngozi vinanasa kwenye majani, bakteria wanaendelea kuvila, majani yaliyopondwa chini ya soli nayo yanatoa harufu yake ya ubichi. Umande ukiwa mwingi na jua halijachomoza, vyote hivyo vinakaa. Jua likiwaka saa mbili tatu, sehemu kubwa inakauka na kupeperuka. Kwa hiyo njia iliyopitwa alfajiri ni mbaya zaidi kwa mnyama wa alfajiri, na njia iliyopitwa saa saba mchana haina uzito huo kwa mnyama wa jioni.

Nguo na mwili, ambavyo wote huanza navyo

Jasho jipya karibu halina harufu. Kikwapa kinatokana na bakteria wa kwapani na kinenani wanaovunja majimaji ya tezi za sehemu hizo kuwa asidi zenye harufu kali na vitu vyenye salfa. Miguu ina bakteria wake na asidi yake, ndiyo ile harufu ya soksi. Maana yake kwa kazi hii: kuoga kunaondoa chakula na walaji kwa saa chache tu, na asiyetoka jasho jingi baada ya kuoga anafaidi kuliko aliyeoga mara mbili kisha akatembea mbiombio.

Katika kisa hiki kilichoharibu zaidi hakikuwa mwili. Shati la kazi la mwongozaji lilifuliwa vizuri, likakunjwa, likarudishwa kwenye sanduku moja na kanzu na kikoi zilizofukizwa udi kwa ajili ya Ijumaa. Nguo inashika moshi wa udi kwa wiki kadhaa, na iliyolala nayo inaazima. Yeye mwenyewe hakuisikia, kwa kuwa pua iliyozoea udi tangu utotoni hailalamiki. Ongeza juu yake mafuta ya nazi kichwani. Mafuta hayo yanashika harufu yoyote inayopita, ya jiko la kuni, ya samaki, ya dizeli.

Uzito wa nguo si jambo la kubuni. Utafiti wa Amboseli uliochapishwa 2007 uliwapa ndovu vitambaa vilivyovaliwa na wanaume wa Kimasai na vingine vilivyovaliwa na Wakamba. Ndovu walikimbia vya Wamasai kwa kasi na umbali mkubwa zaidi. Kitambaa kitupu, hakuna mtu ndani yake.

Ufuaji uliofaa ulikuwa huu. Sabuni ya mche isiyo na manukato, kidogo tu. Sabuni nyingi za unga zina manukato na ving'arisha nguo, na ving'arisha hivyo vinaifanya nguo iwake kwa rangi ya buluu ambayo macho ya paa na jamaa zake huiona vizuri. Kisha loweka nusu saa katika maji lita 10 yenye vijiko viwili vya chakula vya bikaboneti, ile soda ya kuumulia mikate. Bikaboneti inatuliza zile asidi. Vile vyenye salfa haiviwezi sana, kwa hiyo isitegemewe peke yake. Suuza mara tatu, na ya mwisho iwe kwa maji ya mvua. Visima vingi vya Malindi vina maji ya chumvichumvi, sabuni haitoi povu na inaacha utando kwenye uzi, na utando huo ndio unaoshika harufu mpya. Anika mapema, jua la saa nne, mbali na jiko na mbali na anapoanikwa nguru. Nguo iliyoachwa kambani hadi umande wa usiku inapata ukungu. Ikikauka, ndoo yenye mfuniko, na haivaliwi mpaka mtu afike msituni. Aliyeivaa nyumbani kisha akapanda bodaboda amefua bure.

Mwilini, sabuni isiyo na manukato jioni na alfajiri, kwapa, kinena, nyuma ya masikio, katikati ya vidole vya miguu. Badala ya kupaka marashi ya kwapa, shabu: ilowanishe, isugue kwapani, iache ikauke. Inabana ngozi na kuwapunguza bakteria, na haina harufu yake yenyewe. Vitunguu saumu na papa mkavu viachwe chakula cha usiku wa kuamkia, kwa sababu vinatoka kwenye pumzi na jasho siku ya pili. Miraa, ugoro na sigara havina mjadala. Dawa ya meno ya minti ibadilishwe kwa mswaki wa mti. Thermosi ya kahawa ya tangawizi ibaki kwenye gari. Ikifunguliwa ndani ya kibanda, kila juhudi ya sabuni inakuwa mchezo.

Mbu ni suala la afya kabla ya kuwa la harufu, maana pwani ina malaria. Dawa za kujipaka zenye DEET zinanuka, lakini asiziache mtu bila kuweka kinga nyingine. Nguo iliyopuliziwa permethrini ya asilimia 0.5 siku moja kabla, ikakaushwa kabisa nje, haibakizi harufu kubwa na inawazuia mbu. Chandarua kwenye matundu ya kibanda na glavu nyembamba humaliza sehemu iliyobaki.

Suti zenye kaboni, zinazouzwa ghali kwa wawindaji wa Marekani, hatuoni za nini katika fukuto hili. Kaboni inanasa harufu mpaka inajaa, na kuisafisha sawasawa kunataka joto kubwa kuliko la mashine ya kukaushia nguo. Jaribio la Marekani lililochapishwa 2002 liliwapa mbwa watafutaji kazi ya kumsaka mtu aliyevaa suti hizo, na walimpata karibu kila mara. Huku Malindi mvaaji atatoka jasho maradufu kwanza. Kujipaka kinyesi cha ndovu nako hakufichi: mnyama anatenganisha harufu moja na nyingine, kwa hiyo anapata mtu na kinyesi, vyote viwili.

Walivyorekebisha

Kibanda cha makuti kiliachwa kwa msimu wa kusi. Cha kaskazi kikawa hema dogo la kitambaa, mita 30 kusini-mashariki ya maji. Kwa kaskazi cha alasiri harufu inapita kusini ya dimbwi, haivuki maji. Kwa umande wa alfajiri inakwenda moja kwa moja mashariki. Mwanga wa asubuhi unakuwa nyuma ya mpiga picha. Wa jioni unamjia machoni, na hilo ndilo alilolipa. Hema lilisimamishwa siku kumi bila mtu, likapigwa na jua na umande hadi harufu ya dukani ikapungua.

Njia ya mashariki ikafunguliwa tena kwa kulizunguka lile gogo. Matawi yaliyoingilia njia yalirudishwa kando, yasikatwe, ili suruali isiguse kitu. Gambuti zilizosuguliwa soli, suruali ndani yake, na soksi kavu za kubadilisha, maana mguu ndani ya mpira unaloa. Mwendo wa polepole, shati moja jepesi mwilini, na nguo za kukalia zikabaki ndooni hadi mita 100 kabla ya hema. Hapo watu walisimama dakika kumi na tano, wakajifuta, wakabadilisha. Silaha ya askari ilikuwa na mafuta mapya, kwa hiyo yeye na kijana walirudi kwenye gari baada ya kuwafikisha, wakabaki wakiwasiliana kwa redio.

Siku ya pili funo walikunywa saa kumi na mbili na robo. Mbawala alichukua siku nne.

Saa mbili unusu hadi saa nne asubuhi ilibaki ngumu. Umande umekufa, upepo wa bahari haujaanza, na sufi ikiachiwa inazunguka hema na kurudi. Saa hizo hakuna upande salama, kwa hiyo kutotoka ndani ni bora kuliko kuhama. Maleleji, upepo unaobadilikabadilika kati ya kaskazi na kusi, ni hivyo hivyo, ila kwa wiki nzima nzima: majira yake, tanga mbili, yakianza, mwongozaji mwenye akili anauza safari ya kutazama ndege wa porini, si ya mbawala.

Kuna hatari inayozaliwa na kufaulu. Mtu asiye na harufu anakaribiwa na ndovu asiyejua kama yuko. Anapomgundua kwa mita kumi, anashtuka, na ndovu aliyeshtuka hakimbii nyuma kila mara. Walikubaliana kwamba ndovu akionekana akielekea dimbwini, askari aarifiwe kwa redio, na waliomo ndani waseme kwa sauti ya kawaida angali mbali, hata kama picha inaharibika.

Jambo moja halikutatuliwa. Kaskazi kinapolala wakati wa magharibi, hewa inapoa na kuteremka bondeni, na harufu ya mchana kutwa inatulia juu ya maji yenyewe. Nguruwe mwitu, wanaotoka giza likiingia, walifika mara mbili hadi ukingoni na kuguna wakirudi. Kwa hiyo kazi inafungwa saa kumi na mbili kasorobo jioni, askari anawafuata, wanatoka kwa njia ya mashariki kabla hewa haijateremka.